Kitufe Kisichoitikiwa



Ndugu zetu wasomaji, huenda mkastaajabu kumwona mwalimu wa chuo anaandika khabari za rimoti ya televisheni. Hata sisi tulistaajabu, tulipojikuta tumekaa mkekani pamoja na kijana wa skuli, tukizikodolea macho safu za tarakimu zisizo na kichwa wala mkia. Lakini jambo hili lilitufikia kwa mlango wa chuo, na kwa mlango huo huo tunalileta kwenu.

Katika mji wetu wa Wambaa, uliopo pwani ya magharibi ya Pemba katika wilaya ya Mkoani, yupo mzee mmoja ambaye hatutamtaja jina. Alikuwa mtu wa mikarafuu na wa bahari. Kisha akapatwa na kiharusi, kikamwondolea nguvu za upande wa kulia. Siku hizi kitanda chake kimewekwa mkabala na televisheni, na anachotazama ni ile idhaa inayoonyesha Msikiti Mtakatifu wa Makka usiku na mchana. Yeye hakujaaliwa kuhiji. Hulala pale akawatazama watu wanatufu, na midomo yake ikicheza pamoja nao.

Televisheni ile ilitoka Maskati, nayo ilikuwa imekwisha tumika ilipokuja. Vitufe haina, illa kimoja tu kilichofichwa chini yake, cha kuwasha na kuzima. Mambo mengine yote ni kwa rimoti. Siku moja rimoti ile ikatumbukia katika pipa la maji, ikafa. Tangu siku hiyo akawa hana budi kuwapo mtu wa kuwa mkono wa mzee. Umeme ukikatika na kurudi, televisheni hurudi imelala, lazima iamshwe. Sauti ikizidi, lazima mtu ainuke. Mama wa nyumba hushuka pwani kwa kilimo cha mwani kila maji yanapotoka, kwa hiyo kazi ikamwangukia mjukuu, binti wa miaka 12, ambaye kwetu sisi alikuwa amebakisha juzuu tatu akhitimu.

Akakosa chuo Jumamosi. Akakosa Jumapili. Wiki ya pili akaja siku mbili tu. Tulipouliza tukajibiwa, "Yuko nyumbani, anamshikia babu televisheni."

Hatutaficha: fikra yetu ya kwanza ilikuwa kwenda kuwaambia wenyewe waiuze. Tukaenda na maneno hayo mdomoni. Mzee akatupokea vizuri, na kabla hatujasema neno akasema yeye, "Maalim, najua kilichokuleta. Nami naona haya kumwita mtoto mara ishirini kwa siku. Nikinyamaza, nabaki na kiza. Nikiita, namtoa mtoto chuoni. Nifanyeje?" Maneno tuliyokwenda nayo tukayameza.

Rimoti za kununua walikuwa wamekwisha zijaribu. Katika maduka ya Chake Chake zinauzwa rimoti ziitwazo za kila televisheni, zikiwa na kijitabu cha majina ya makampuni na nambari zao. Jina la televisheni ile halikuwamo kijitabuni. Walizijaribu nambari moja moja usiku kucha pasina faida. Baadaye jamaa mmoja aliyeko Maskati akaleta rimoti ya namna nyengine, ambayo haina nambari zake yenyewe bali hutiwa misimbo kwa kompyuta, kila kitufe msimbo wake. Na tena inaweza kufundishwa, yaani huiweka ikatazamana na rimoti nyengine nayo ikanakili inachokiona. Kijana mmoja wa mtaani, mwanafunzi wa sekondari, akaipata misimbo ya televisheni ile katika intaneti, akaiona katika simu, akainakili karatasini kwa mkono, kisha akaenda kuitia kwa kompyuta ya mwenzake. Jioni ile nyumba nzima ilikaa kungojea. Mzee akabonyeza kitufe. Kimya.

Hapo ndipo tulipoitwa. Wala hatukuitwa kwa ujuzi, kwani elimu yetu ni ya chuo na skuli ya msingi tu. Tuliitwa kwa kuwa kijana yule amepata kusoma kwetu na alitaka mtu wa kumsikiliza. Na tuliyoyajua tuliyajua humo humo, kwa kuuliza.

Jambo la kwanza ni kutenganisha sauti na maneno. Mtu akinyamaza, hujui kama hana sauti au hana la kusema. Rimoti nayo husema kwa miale ambayo jicho la mwanaadamu haliioni, miale ya infraredi, iliyo nje ya mpaka wa rangi nyekundu. Aliyeitambua ni William Herschel huko Uingereza mwaka 1800, alipoupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, akaweka vipimajoto penye kila rangi, akaona kuwa palipopita nyekundu, pahala pasipo rangi yoyote, ndipo penye joto zaidi. (Vijana wetu wasisahau kuwa karne nane kabla yake Ibnul Haytham, mtu wa Basra, alikwisha kuandika kitabu kikubwa juu ya mwanga na jicho.) Jicho haliioni miale hii, lakini kamera ya simu huiona. Elekeza kichwa cha rimoti kwenye kamera, bonyeza, na utazame kiooni: taa ndogo ya rimoti itaonekana inameta kwa weupe au zambarau. Simu nyengine kamera yake ya nyuma imezibwa isiione miale hiyo. Hapo tumia kamera ya mbele. Tukafanya hivyo, na taa ikameta. Basi betri nzima, taa nzima, sauti ipo. Kosa limo katika maneno.

Maneno ya rimoti ni mimeto na vimya. Taa humeta kwa muda fulani, ikanyamaza kwa muda fulani, ikameta tena. Na ndani ya kila mmeto mwanga hautulii, bali hupiga upesi mno, katika televisheni nyingi mara 38,000 kwa sekunde, ili chombo kiutambue na kuutenga na mwanga wa taa za nyumba. Makampuni mengine hupiga mara 36,000, na kampuni ya Sony hupiga mara 40,000. Kanuni iliyoenea zaidi ni ya kampuni ya NEC ya Japani. Humo mna mmeto mrefu wa kufungulia, wa milisekunde 9 (milisekunde ni sekunde moja iliyogawiwa mafungu elfu), kisha kimya cha milisekunde 4 na nusu, kisha alama 32. Kila alama ina mmeto mfupi wa namna moja. Kinachotafautisha alama na alama ni urefu wa kimya kinachofuata: kimya kifupi, kama nusu ya milisekunde hivi, ni sifuri, kimya kirefu, kama mara tatu yake, ni moja.

Tuliposikia hayo tulicheka wenyewe. Hatufananishi Kitabu kitukufu na kitufe cha plastiki, Mwenyezi Mungu atuepushe na hilo. Lakini mtu aliyekaa miaka thelathini akiwahesabia watoto madda ya harakati mbili, na nne, na sita, na kuwafinya masikio wanapoirefusha isiyorefushwa, hahitaji kuelezwa mara mbili kuwa urefu hubadilisha maana.

Sasa tuitazame karatasi ya kijana. Misimbo ile imeandikwa kwa mtindo uliotokana na rimoti ya Pronto ya kampuni ya Philips, iliyotoka mwaka 1998, nayo ni mafungu ya tarakimu nne nne. Msimbo wa kuwasha ulianza hivi: 0000 006D 0022 0002 0157 00AC. Hesabu yake si ya kumi kama yetu bali ya kumi na sita: baada ya 9 hufuata A, yaani 10, mpaka F, yaani 15. Fungu la kwanza, 0000, husema kuwa huu ni msimbo ulionakiliwa kama ulivyomeka. Fungu la pili ndilo kasi ya mpigo. 006D ni 6 mara 16 na 13 juu yake, ndiyo 109. Ukiizidisha 109 kwa 0.241246, kisha ukaigawa milioni moja kwa jawabu hiyo, utapata 38,029, ndiyo zile mara 38,000 za kila sekunde. Ingekuwa 0067 ingetoka 40,000 na ziada kidogo. Na 0073 ni 36,000 na ziada. Kwa hivyo msimbo usipoitikiwa, tazama kwanza fungu hili. Mpigo ukikosea kidogo, televisheni huitika ukiwa karibu na kukataa ukiwa mbali. Ukikosea sana haiitiki kabisa.

Fungu la tatu, 0022, ni 34 kwa hesabu yetu, nayo ni idadi ya jozi za mmeto na kimya zinazofuata: moja ya kufungulia, 32 za alama, na moja ya kumalizia. Tukazihesabu karatasini, zikatimia. Ingepungua hata moja, tungejua kuwa fungu limerukwa. Tulikuwa tumekaa vivyo hivyo tangu magharibi, tukatoka kusali isha tukarudi, na hatujaona kosa.

Aliyeliona ni yule binti. Alikuwa amepewa kazi ya kuandika pembeni, kwa kila jozi, "ndefu" penye 0041 na "fupi" penye 0016. Kijana alikuwa ameeleza kwa kupitia tu kuwa katika kanuni ya NEC amri husemwa mara mbili: kwanza alama 8 za amri yenyewe, kisha alama 8 nyengine ambazo ni kinyume chake, penye ndefu pakawa fupi na penye fupi pakawa ndefu. Chombo huzilinganisha. Zikigongana, huitupa amri yote na kunyamaza. Binti akaziandika zile nane juu na zile nane chini, kama tunavyowaandikisha ubaoni, akapita na kidole. Alipofika ya tano akasema, "Maalim, hapa zote mbili fupi."

Tukatazama. Kijana alikuwa ameandika 0014 mahali pa 0041. Tarakimu mbili zimepishana, basi. Kimya kirefu kikawa kifupi, moja ikawa sifuri, shahidi wa pili akamkadhibisha wa kwanza, na televisheni ikawakataa wote wawili. Ndiyo maana kosa dogo kama hili halikuifanya televisheni itende jambo jengine, mathalan kupandisha sauti badala ya kuwaka. Ilinyamaza tu, na ukimya huo ndio unaomfanya mtu adhani chombo kimekufa.

Kosa la namna hii hutokea sana kwa wanaonakili kwa mkono. 8 hufanana na B, na D huandikwa ikawa 0. Nani katika sisi hajamwona mtoto akisahau nukta moja, taa ikawa nuni? Anayenakili na amsomee mwenzake kwa sauti, na mwenzake atazame asili.

Jengine linalowapoteza watu ni upande wa kusomea. Baadhi ya karatasi hazitoi mimeto, bali hutoa nambari ya amri tu, kama 18. Kanuni ya NEC hupeleka alama za nambari kuanzia ile ndogo, yaani huisoma kutoka kulia. Mtu akiipeleka kutoka kushoto, 18 huwa 72. Sisi tunaosoma Kiarabu kutoka kulia na Kiswahili kutoka kushoto katika ukurasa mmoja tungepaswa kuwa wa mwisho kukosea hapo. Walakini kijana alikosea katika vitufe viwili, nasi tulikuwapo tukitazama.

Televisheni ikawaka. Tusiseme zaidi ya hayo; mzee alikuwa akilia, na tukatoka nje kidogo.

Siku ya pili ukaja mtihani wa king'amuzi cha dishi. Hiki rimoti yake ya asili ipo nzima, lakini mtu wa mkono mmoja hawezi rimoti mbili kitandani, kwa hivyo tulitaka rimoti mpya ifundishwe maneno ya ile ya zamani. Kufundisha kwenyewe kuna adabu zake. Rimoti mbili huwekwa juu ya meza zikitazamana, mwanya wa vidole viwili au vitatu. Hufanywa mbali na jua na mbali na taa zile za mrija zinazobana umeme, kwani taa hizo hutoa miale ya namna hii na rimoti huyanakili makelele pamoja na maneno. Na kitufe hubonyezwa baada ya rimoti mpya kuwa tayari, si kabla. Katika kanuni ya NEC mtu anapokishikilia kitufe, amri husemwa mara moja tu, kisha hufuata ishara fupi isemayo "ni ile ile". Ukianza kunasa umechelewa, utakuwa umeinasa "ni ile ile" bila ya kuwa na ya kwanza, na kitufe hicho hakitafanya kitu maisha.

Tukafanya yote hayo vizuri. Vitufe vyote vikaitika. Lakini mzee alipobonyeza 1, 1, 2 ili aende stesheni ya 112, king'amuzi kikaenda ya 12. Akarudia, ikawa vile vile. Akibonyeza 1, 2, 1 mambo sawa. Kijana akasema kitufe cha 1 kibovu. Sisi tukasema hakiwezi kuwa kibovu, kwani katika 121 kimeitika mara mbili.

Jawabu ilikuja kwa simu kutoka kwa yule jamaa wa Maskati. King'amuzi kile hakifuati kanuni ya NEC bali ile ya Philips iitwayo RC-5, ambayo mpigo wake ni 36,000. Ndani yake mna alama moja inayogeuka kila mtu anapokiachia kitufe na kukibonyeza upya: mara sifuri, mara moja. Kwa alama hiyo chombo hujua kuwa hii ni "1" mpya, si ile ya mwanzo iliyoshikiliwa. Rimoti mpya ilinakili mbonyezo mmoja tu, na alama ikaganda. Ikisema "1" mara mbili, king'amuzi hufahamu kuwa kidole bado kipo juu ya kitufe. Likiingia neno jengine katikati, hufahamu kuwa ni amri mpya. Hivi ndivyo kasuku anavyomwamkia mtu wa adhuhuri kwa maneno aliyofundishwa asubuhi.

Dawa yake si kunakili tena, kwani ungenakili mara mia utapata alama moja iliyoganda. Dawa ni kuiandikia rimoti kwa kanuni. Badala ya fungu la kwanza la 0000 likaandikwa 5000, ambalo huiambia rimoti: hii ni RC-5, igeuze alama mwenyewe. Kisha likatiwa fungu la nambari ya chombo na fungu la nambari ya amri, na katika kanuni hiyo kitufe cha 1 amri yake ni 1 na cha 2 ni 2, jambo la raha baada ya zile safu za jana. Mzee akabonyeza 112, akafika 112. Akaiendea mara tatu, kwa furaha tu.

Tulidhani tumemaliza. Siku ya tano akaja mama wa nyumba chuoni, uso umemshuka. Rimoti, alisema, inaitika asubuhi, inaitika usiku, lakini kila siku baada ya asri inakataa mpaka karibu na magharibi. Televisheni yote haisikii, hata ukiisogelea hatua mbili. Kisha akateremsha sauti. Watu wamekwisha sema nyumbani pale. Jirani mmoja waliyegombana naye kwa mpaka wa shamba hupita njia ile kila alasiri. Mtu amekwisha tajwa wa kuja kutazama, na bei yake imetajwa.

Enyi ndugu zetu, hapa tuliona kuwa khabari imekwisha kutoka katika mambo ya rimoti. Sote tunajua Pemba kwetu maneno kama hayo yanaweza kufika wapi, na mangapi yamevunjika kwa dhana ya namna hii, udugu na ndoa. Tukamwomba asimwite mtu yeyote kabla hatujakaa pale alasiri moja.

Tukakaa. Baada ya asri tukabonyeza: kimya. Tukaitazama taa kwa kamera: inameta. Msimbo ni ule ule ulioitika asubuhi. Basi sauti ipo na maneno yapo, kilichobaki ni sikio. Tukaenda kusimama mbele ya televisheni, na tuliposimama hapo jua likatupiga kisogoni. Nyumba ile dirisha lake linaelekea bahari ya mkondo, upande wa machweo, na saa hiyo jua huingia moja kwa moja likapiga kwenye kile kijidirisha cheusi cha televisheni kinachopokea miale. Jua lina infraredi nyingi kupita rimoti elfu. Kijidirisha kilikuwa kimezibwa sikio kwa mwanga. Tukaomba kanga, tukaitundika dirishani, tukabonyeza. Ikaitika.

Taabu hii ina umri. Rimoti ya mwanzo isiyo na waya, iliyotengenezwa Marekani na kampuni ya Zenith mwaka 1955, ilikuwa ni tochi tu ya kumulikia pembe za televisheni, na jua likiingia dirishani lilibadilisha stesheni lenyewe. Mwaka uliofuata wakaiwacha wakatumia sauti nyembamba isiyosikika kwa sikio la mtu. Mpigo wa mara 38,000 uliwekwa hasa ili mwanga wa kawaida usichanganyike na maneno ya rimoti, nao hutosha kwa mwanga wa kawaida. Jua la Wambaa saa kumi na moja alasiri si la kawaida.

Kanga ile imo dirishani mpaka leo. Mama wa nyumba alikwenda kwa jirani usiku ule ule, wakazungumza barazani muda mrefu. Walilozungumza hatulijui, wala halituhusu.

Tunataka kuwaambia vijana neno moja, kwa sababu tangu khabari hii ijulikane wametujia wengi. Baadhi ya simu za siku hizi zina taa ya infraredi kichwani, na mtu akiijua misimbo anaweza kuifanya simu yake rimoti. Misimbo hii haina siri wala haina jina la mwenyewe. Televisheni zote za aina moja huitika neno moja, iwe yako au ya mtu. Yuko aliyeizima televisheni ya barazani wakati wa mpira, watu wakagombana nusu saa kwa kumtuhumu fundi wa umeme, na yeye anacheka nyuma ya nguzo. Dini yetu imetufundisha kubisha hodi na kutaka ruhusa kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Mwale unaopita dirishani bila ya hodi nao umeingia. Kijana huyo tunamjua, na amekwisha kuombwa akaombe radhi.

Na kwa wazee wenye watoto: rimoti ya namna hii huweza kuwachwa bila ya vitufe visivyotakiwa. Ile ya mzee ina vitufe saba tu vyenye misimbo. Vilivyobaki havisemi kitu, kwa hiyo mkono ukiteleza usiku haumpeleki asikotaka.

Mwisho, msiitegemee kompyuta ya mtu wala kumbukumbu ya simu. Betri za rimoti nyengine zikitolewa muda mrefu misimbo hupotea, na kompyuta zina ajali zake. Ile misimbo ya vitufe saba binti aliiandika upya kwa kalamu ya wino, kila alama nane na kinyume chake chini yake, babu yake akimsomea kutoka kiooni na yeye akijibu. Nakala moja imo katika mfuko wa nailoni chini ya mto wa mzee. Ya pili tunayo sisi, ndani ya kabati la misahafu ya chuoni, na binti mwenyewe ndiye aliyeiweka, asubuhi ya Jumamosi aliyorudi. Ana juzuu mbili sasa.